Mwizi Aliyebeba Barafu

Inspekta Nakhumicha alikuwa na sheria moja ambayo hata mkubwa wake wa kituo aliiheshimu: asiulizwe kitu kabla ya chai. Asubuhi hiyo sheria ilivunjwa. Alikuwa amesimama katika kachumba kadogo pembeni ya wodi ya watoto, katika hospitali moja ya Nakuru, anatazama boksi la samawati la kubebea vitu baridi, na mbele yake daktari kijana alikuwa analia.

"Daktari Chesang, pangusa machozi kwanza," alisema. "Ukilia mimi siandiki. Na nisipoandika, huyu Waithaka ataanza kufikiria mwenyewe, na hilo hatulitaki."

Konstebo Waithaka, aliyekuwa ameegemea mlango, alijifanya hakusikia.

Chesang akapenga kamasi, akajikaza. "Ni utafiti wetu. Watoto wenye saratani, tunachukua habari za afya yao, damu, na kipande kidogo cha uvimbe. Tunapeleka maabara Nairobi. Kuna dawa inaponya mtoto mmoja na inamharibia mwingine moyo. Hawa wa maabara wanaweza kutuambia mapema nani ni nani."

"Na kilichoibwa?"

"Kipande cha Rumaisa. Ana miaka minane. Alipasuliwa jana asubuhi, na hicho ndicho pekee kilichotoka. Kisipofika Nairobi leo kikiwa baridi, itabidi tumfungue tena." "Inspekta, yule mtoto hana nguvu za kufunguliwa tena. Nakuambia ukweli wa Mungu."

Nakhumicha alivaa glavu akainama juu ya boksi. Chupa ndogo zilikuwa zimepangwa ndani, na katikati yake palikuwa na nafasi tupu. Palikuwa pia na skafu chafu ya rangi ya machungwa, imesokomezwa pembeni.

"Barafu ndiyo hii tu?"

"Hapana! Nilitia pakiti mara mbili ya hizo. Jana jioni kabla ya kwenda nyumbani, kwa mikono yangu."

"Na majina mbona siyaoni kwenye chupa?"

"Majina hayaruhusiwi, ni namba tu. Lakini namba inaogopesha watoto. Kwa hivyo kila mtoto huchagua stika ya mnyama, nabandika kwa chupa yake. Rumaisa alitaka ngamia. Ngamia sina. Akachora mwenyewe kwa kalamu, akanipa nibandike." Chesang alitabasamu kidogo katikati ya machozi. "Alikuwa na nundu tatu. Nikamwambia zimezidi, akasema huyo ni ngamia tajiri."

Nakhumicha alizitazama chupa zilizobaki. Twiga, kobe, simba, heroe wa ziwani. Mwizi alikuwa ameziacha zote akamchukua ngamia, na ngamia alikuwa chini kabisa. Huyo hakubahatisha. Alijua mtoto alichochora.

"Nani aligundua?"

"Watu wa parseli za Nairobi. Huwa wanahesabu kabla ya kupokea. Wakampigia Jerry kelele, Jerry akarudi nalo hapa. Yuko nje. Nimemwambia asiende popote."

Jerry alikuwa kijana mrefu wa bodaboda aliyevaa koti la kuakisi mwanga, ameketi kwenye benchi ameshika kichwa. Alipomwona Inspekta akasimama kama mwanafunzi.

"Mathe, haki ya Mungu, mimi si mwizi."

"Sijasema wewe ni mwizi. Nimeuliza? Sijauliza. Skafu ni ya nani?"

"Ni yangu."

"Ahaa!" akasema Waithaka, akitoa pingu.

"Rudisha hayo mapambo mfukoni, Waithaka. Jerry, ulifungua boksi la hospitali kwa nini?"

"Mathe, hii boksi naijua. Naibeba kila wiki, haipigi kelele. Leo nimeifunga kwa pikipiki, kutoka tu hapo, naskia chupa zinagongana ndani, kling kling. Nikasimama hapo kwa geti nikafungua, naona kuna space. Nikatoa skafu nikasokomeza zisivunjike." Akainua mabega. "Ni za watoto, mathe. Ningefanya nini?"

Nakhumicha alikwenda mwenyewe hadi getini. Mlinzi alikumbuka vizuri, tena alikuwa amemkemea Jerry kwa kuziba njia. Pikipiki haikuwa imefika hata barabarani. Basi barafu iliondoka kabla Jerry hajalishika boksi, na kama barafu iliondoka kabla, chupa pia. Alirudi akampiga kijana kofi dogo la begani. "Kaa hapa karibu. Leo utabeba tena."

Ndani ya kachumba, Waithaka alikuwa amepiga magoti kando ya boksi, macho yamemtoka. Kwenye ncha ya kidole cha glavu alikuwa na punje nyeupe inayong'aa.

"Madam! Unga! Hii ni biashara ya madawa!"

"Nusa."

"Ninuse?"

"Wewe si unasema ni unga? Nusa tufe wote."

Waithaka akanusa kwa woga. Uso ukabadilika. "Inanuka... kabati ya shosho, nyanya yangu."

Nakhumicha akainusa mwenyewe, na kwa kitambo akawa msichana mdogo tena katika kota za reli, ambako baba yake alikuwa fundi, na majirani wa mlango wa pili walikuwa Waislamu. Siku baba wa mlango wa pili alipofariki, harufu hii ilijaa kwenye veranda nzima, na mama yake Nakhumicha, Mkristo wa kutoka Bungoma, alipika uji wa waombolezaji na kulia kuliko wafiwa.

"Ni kafuri," alisema. "Wenyewe huitia maiti kabla ya kuvisha sanda."

Chesang akashika kifua. "Maiti? Maiti ya nani? Rumaisa yuko hai!"

"Basi ni mganga," Waithaka akasema kwa sauti ya chini. "Kafuri, nyama ya mtoto... Madam, huu ni uchawi."

"Mganga habebi barafu, Waithaka. Fikiria. Anayetaka kuuza kitu hakitii kafuri, na anayetaka kukizika hakibebei barafu. Huyu amebeba vyote viwili." Akavua glavu. "Sijui bado anataka nini. Lakini najua kwamba anayebeba barafu anajali. Chumba hiki hufungwa?"

"Mama wa wagonjwa huja hapa kuchukua maji ya moto," Chesang akasema. "Hatufungi."

Rumaisa alikuwa kitanda cha dirishani, kofia ya sufu imemfika nyusini, tumbo limefungwa bandeji. Alimtazama Inspekta juu mpaka chini.

"Wewe ndiye polisi? Mbona huna bunduki?"

"Nimeiacha. Naogopa madaktari, nikiwa nayo naweza kuwapiga."

Mtoto akacheka, kisha akajishika tumbo. "Woi! Usinichekeshe, nimeshonwa."

"Pole, mama yangu. Pole sana." Nakhumicha akaketi ukingoni mwa kitanda, na hasira yote ya kukosa chai ikamtoka. "Umesikia ngamia wako amepotea?"

"Nimesikia daktari akilia. Lakini ngamia hapotei. Ayeyo anasema ngamia hata ukimwacha jangwani anarudi kwa mwenyewe."

"Ayeyo ni nyanya yako?"

"Eeh. Anauza maziwa ya ngamia sokoni. Ndiye amenilea. Jana jioni alikuja, leo asubuhi pia amekuja mapema sana, ameniletea maziwa kwa flaski."

"Ulimwambia habari za ngamia?"

"Jana nilimwambia ngamia wangu ameingia kwa barafu, anaenda Nairobi, na daktari amesema asipate joto hata kidogo."

"Akasemaje?"

Rumaisa akafikiri. "Alinishika miguu. Akauliza, 'Na atarudi?' Nikasema sijui, sijauliza." Akamvuta Inspekta mkono. "Kwani atarudi?"

"Hilo nami nitauliza," Nakhumicha akasema, akamrekebisha kofia.

Baba yake Rumaisa, Ishak, alikuwa na duka la vipuri vya magari karibu na stesheni. Alikuwa jibaba la kutisha, ndevu zimeshuka kifuani, na alipoambiwa kilichopotea alipiga meza hadi misumari ikaruka.

"Nani? Nitajie tu jina, afande!"

"Tulia, Bwana Ishak. Wewe ndiye uliyekubali mtoto achukuliwe kipande?"

"Mimi. Mimi ndiye baba."

"Na mama yako alijua?"

"Mimi ndiye baba," Ishak akarudia, safari hii kwa sauti ndogo.

"Hilo umeshasema. Nauliza mama."

Jibaba likatazama nje, likatazama dari, halafu likakaa juu ya tairi. "Afande, kwetu mtoto akiumwa jino, mama ndiye huamua ling'olewe au lisubiri. Sasa daktari ameniuliza mbele ya watu, 'Baba, unakubali?' Nijibu nini? Eti ngoja nikamwulize mama? Mimi na ndevu hizi? Nikasema ndiyo. Nikajiambia nitamweleza siku akiwa na furaha."

"Na siku hiyo haijafika."

"Mama yangu hafurahi hovyo."

Waithaka akageuka kuficha kicheko. Nakhumicha hakucheka. "Nani amefariki kwenu, Bwana Ishak?"

"Mungu apishe mbali! Hakuna."

"Basi kafuri ya nini?"

Ishak akainuka kwenye tairi. Rangi ikamtoka. "Ya Allah," akasema. "Amekwenda kukizika. Afande, kwetu kipande cha mtu hakitupwi. Babu yangu alikatwa kidole na mashine kule reli, kikafungwa kitambaa cheupe, kikazikwa kwa heshima. Mama alikuwa mtoto, anaisimulia mpaka leo. Kumbe jana usiku aliniomba marekani nyeupe nami nikampa, nikidhani ni ya kuchujia maziwa!"

Walikuwa wameshaingia garini kabla hajamaliza. Waithaka aliendesha kama gari la kuazima. Inspekta alikuwa amekunja ngumi mapajani. Kama kile kichupa kimefunguliwa, kikaoshwa, kikafukiwa kwenye udongo wenye joto, basi kisu kingerudi kwa yule mtoto aliyeshindwa hata kucheka. Aliomba njia nzima, kwa Kibukusu, maana mambo mazito huyasemea huko.

Mlinzi wa makaburi ya Waislamu, Mzee Mujahid, aliwapokea kwa salamu ndefu na hakuharakishwa na mtu. Alijua wao ni polisi, akasema wafu wake hawajaiba kitu.

"Mzee wangu, leo asubuhi amekuja mama na kikapu?"

"Bi Safiyo, mama yake Ishak? Amekuja. Aliniomba shimo dogo. Nikamwuliza maiti iko wapi, akasema si maiti, ni amana. Nikachimba. Nilitaka kusoma dua, akasema ngoja kwanza." Akawaongoza kati ya makaburi hadi ukutani. "Akaketi hapa ukingoni, kikapu mapajani. Nikaona nimwache. Niliporudi hayupo."

Shimo lilikuwa wazi. Kilikuwa kishimo cha urefu wa mkono, kimechongwa safi, na udongo mwekundu umerundikwa kando haujaguswa. Waithaka alilala kifudifudi akapapasa chini.

"Hakuna kitu, madam. Patupu."

Nakhumicha akashusha pumzi hadi mabega yakalegea. "Aliondoka vipi, Mzee?"

"Kwa haraka. Amekumbatia kikapu hivi, kama aliyebeba mtoto anayelala."

"Waithaka, barafu yake imekuwa ikiyeyuka tangu alfajiri. Mtu aliyesikia kwamba kitu kisipate joto, na barafu inamwishia, atakwenda wapi?"

"Kwa friza?"

"Leo nakupandisha cheo."

"Kweli, madam?"

"Hapana. Washa gari."

Hawakupata shida kumpata. Sokoni, kwenye upande wa maziwa, wateja watatu walikuwa wamesimama na vibuyu vyao wakinung'unika kwamba Bi Safiyo leo amekuwaje, maziwa anayo na friza hataki kuifungua. Mwenyewe alikuwa ameketi juu ya kreti, mwanamke mrefu mkavu aliyejifunga shungi jeusi, na mkono wake wa kulia uko juu ya mfuniko wa friza. Alipoliona gari la polisi hakutikisika.

"Leo siuzi," alisema.

"Sikuja kwa maziwa, mama."

"Najua ulichojia." Akasukuma kreti jingine kwa mguu. "Kaa. Anayekuja kunikamata akaketi kwanza, huyo amelelewa."

Nakhumicha akaketi. Waithaka alitaka kusema kitu, akatazamwa, akaenda kusimama na wateja.

"Kipo humu?"

"Kimo. Sijakifungua. Daktari alimwambia mtoto kisipate joto, na mtoto akaniambia mimi. Daktari mwenyewe hakuniambia kitu." Sauti ya Bi Safiyo ilikuwa kavu, lakini mkono haukutoka juu ya friza. "Mama yake alikufa akimzaa. Nilimpokea akiwa mdogo kama paka. Nimemwogesha, nimemkesha, juzi nimemnyoa nywele mwenyewe zilipoanza kuanguka. Halafu nasikia kwa mtoto, kitandani, kwamba nyama yake inaenda Nairobi kwenye sanduku. Mimi ni nani katika nyumba hii? Ni mpishi?"

"La, mama. Wamekosea. Ilikuwa lazima uulizwe."

"Nikasema, haitaenda kutupwa huko. Nitaizika kwa heshima. Nilikwenda. Mujahid alichimba vizuri." Machozi yalianza kumshuka bila yeye kuyapangusa. "Nikakaa pale nikaliona lile shimo. Dogo vile. Mkono ukakataa. Nikasema, Safiyo, ukiweka hiki humu, umeanza kumzika. Leo kipande, kesho je? Sikuweza. Kukirudisha naona aibu. Kukizika siwezi. Ndiyo nimekaa hapa, nakilinda kisipate joto."

Nakhumicha alimshika mkono, na yeye pia hakuyaficha macho yake. Hapakuwa na swali la kuandika. Akamweleza tu, polepole, kile alichoambiwa hospitalini: kwamba kipande hiki ndicho kitakachowaambia madaktari dawa ipi haitamuumiza Rumaisa moyo, na kwamba bila hicho atafunguliwa tena.

"Tena?" Bi Safiyo akageuka wima. "Nani atamfungua tena? Hilo nalo hakuna aliyeniambia!"

"Ndiyo maana nimempigia daktari simu tukiwa njiani, aje akuulize mwenyewe."

Pikipiki ya Jerry ilikuwa imesimama nje ya kibanda. Chesang akashuka na boksi, akaja hadi mbele ya yule mama, akachuchumaa chini kabisa kwenye vumbi na koti lake jeupe.

"Mama, nisamehe. Nilimwuliza baba nikadhani nimeuliza nyumba. Sasa nakuuliza wewe. Unakubali tukipeleke?"

Bi Safiyo alimtazama sana. "Kitafanywa nini?"

Chesang akamweleza yote, hadi darubini na mashine. Mama akauliza kama kitawasaidia na watoto wengine. Akaambiwa ndiyo, hata wale ambao bado hawajaugua.

"Na kitarudi?"

"Watatumia sehemu. Kuhusu kitakachobaki, Inspekta aliniuliza, nikawapigia simu nikiwa njiani. Wamekubali. Nitakwenda kukichukua mwenyewe."

"Mbebaji ni nani?"

"Ni mimi, mathe," Jerry akasema kwa woga.

"Wewe ndiye uliyewavulia watoto skafu?" Habari husafiri haraka Nakuru. Bi Safiyo akafungua friza, akatoa kifurushi cha marekani nyeupe, akakifungua taratibu. Pakiti za barafu zilikuwa humo, na kati yake kichupa, na juu yake ngamia wa nundu tatu. Akakibusu, akakitia kwenye boksi kwa mkono wake. Kisha akamwambia Jerry asikimbize, halafu akamwambia asichelewe, na Jerry akasema sawa kwa yote mawili.

Pikipiki ilipopotea barabarani, Bi Safiyo alinyoosha mikono kwa Inspekta, viganja juu, kama anayengoja pingu.

"Nimeiba. Sikatai."

"Umeiba nini, mama? Kitu kilikuwa kwenye baridi, kimekutwa kwenye baridi. Mimi nimekuja kunywa maziwa. Sijanywa hata chai tangu niamke."

Kwa mara ya kwanza mama yule akacheka. Akamimina maziwa kwenye kikombe, akampa na Waithaka. Halafu akakumbuka kitu, akawa mzito tena.

"Kitakachobaki kikirudi, sikiziki mimi. Atakizika Rumaisa mwenyewe, kwa mikono yake, akiwa na nywele zake kichwani. Mwambieni Mujahid sitalitaka lile shimo."

Nakhumicha akapiga simu papo hapo. Mzee Mujahid alisalimu tena kwa urefu ule ule, akauliza hali, akauliza kazi, ndipo akasikiliza.

"Nilifukie?" aliuliza. "Haya. Na ndani niweke nani?"

Inspekta alimtazama Bi Safiyo, aliyekuwa ameshaanza kuwapimia wateja maziwa na kuwagombeza kwa kukosa subira.

"Hakuna mtu, Mzee," akasema. "Fukia tu."